Pindo la Vidole Vinne

Kwetu gauni la shule hukunjwa pindo la vidole vinne. Si vitatu, wala si vitatu na nusu. Unalaza kiganja kwenye ukingo wa kitambaa, unabana vidole pamoja, unapiga chaki pale kidole cha shahada kinapoishia, unakunja. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha, na siku nilipomuuliza kwa nini tunaficha kitambaa chote hicho ndani, mahali pasipoonekana, alinijibu bila kuinua macho kwenye sindano: "Mtoto hukua, nguo haikui. Mwachie nafasi." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Yale aliyoyabakiza nimeyarithi mimi, na ninayatumia.

Naanza na pindo kwa sababu wapo watu hapa mtaani wanaosema mwaka ule nilibahatika. Sikubahatika. Nilikaa kwenye kiti kisicho na mgongo miezi minane, nikishona nguo za shule wakati shule hakuna, na waliokuwa wakinicheka walipita hapo hapo mlangoni nikiwaona.

Chumba changu cha kazi kina mlango mmoja, dirisha moja, meza ya kukatia na, wakati huo, cherehani tatu. Mbili zangu. Ya tatu ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliyeiweka pale tushirikiane. Mlangoni palikuwa na kibao: VIRAKA, ZIPU, KUPUNGUZA, KUONGEZA. Nimekaa chini ya kibao hicho miaka kumi na mmoja, na kila mwaka nilikichukia zaidi. Nilitaka kushona nguo nzima. Nilitaka kuivalisha shule nzima, toka mtoto wa kwanza hadi wa mwisho, halafu nipande kwenye kiti niandike kibao kingine.

Mwezi wa pili mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya barabara akaingia, akajifuta vumbi, akauliza kama naweza. Shule mbili zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja, na watoto walikuwa wanavaa rangi mbili wakitaniana na kupigana kwa ajili hiyo. Alitaka rangi moja, buluu. Magauni mia moja na sitini, kaptura mia moja na hamsini. Jumla mia tatu na kumi.

"Sharti ni moja, Fundi," alisema. "Siku nitakayopanga, kila mtoto awe amevaa. Akikosa hata mmoja, kamati ya wazazi itaagiza za kiwandani, na kwako hatutarudi."

"Zitawaenea wote," nilimwambia. Siku tatu nilipima watoto, mmoja mmoja, nikiandika daftarini. Majora kumi na mawili ya kitambaa cha buluu yakaletwa na lori. Nikachukua chaki, nikaandika ukutani, juu ya cherehani yangu: 310. Kila nguo ikikamilika ningefuta na kuandika iliyobaki.

Nilikuwa nimefika 288 redio iliposema shule zote zimefungwa mpaka tangazo jingine.

Kwa nini? Ilitegemea ulimuuliza nani. Redio ilisema ni homa. Dereva wa lori alisema ni siasa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye mtia vifungo wangu, alisema homa na siasa ni mtu na mkewe, ukimwona mmoja ujue mwingine hayuko mbali. Sikio la kulia la shangazi halisikii, na la kushoto linasikia linachotaka, lakini ulimi wake haujawahi kuugua.

Wiki haikupita maneno yale matatu ya redio, "mpaka tangazo jingine", yakawa wimbo wa mtaa. Kinyozi aliyabandika mlangoni kwake. Bibi arusi mmoja alikuja kuniambia nisikate kitambaa chake, arusi imesogezwa mpaka tangazo jingine. Wanaume walioulizwa na wake zao lini wataziba paa walijibu vivyo hivyo, wakarudi kulala. Kila mtu alikuwa amepata ruhusa ya kutokufanya kitu.

Mimi nilijipangia. Asubuhi viraka na zipu, maana tumbo halijui tangazo. Kuanzia saa saba mchana, buluu. Nisiguse kingine mpaka jua lizame.

Sasa, shemeji yangu. Mtaa mzima unamwita Bwana Fursa, na yeye analipenda jina hilo, ndiyo shida yenyewe. Si mtu mbaya. Anacheka upesi, na akimkuta mzee amebeba mzigo anaupokea. Ila hajawahi kumaliza jambo. Aliwahi kufuga kuku, akawachoka wakiwa vifaranga. Aliwahi kufyatua matofali, akayaacha mabichi mpaka mvua ikayarudisha kuwa udongo. Mwezi wa nne alikuja dukani na kalamu sikioni.

"Shemeji, dunia imegeuka, na wewe geuka. Biashara ni kugeuka."

"Bendera ndiyo inayofuata upepo," nilimjibu. "Mimi ni fundi."

Akaliokota gauni moja, akalipindua, akaona pindo. Alishika kichwa kana kwamba amefiwa. "Vidole vinne! Kwa nyakati hizi! Shemeji, kimoja kinatosha. Hivi vitatu ni kitambaa unachokizika mzima mzima. Magauni mia moja na sitini..." Akapiga hesabu hewani kwa kalamu. "Hapo kuna magauni mengine kama kumi yamelala ndani ya mapindo."

"Yaache yalale."

"Basi nishonee la binti yangu kwa kidole kimoja. Tuone kama dunia itapasuka."

Binti yake alikuwa anasoma shule hiyo hiyo, na gauni lake lilikuwa mezani likisubiri kupindwa. Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimechoka na kelele, na hasira yangu ina mdomo mpana kuliko akili yangu. Nikamwambia achukue. Akashika mkasi wangu wa kukatia, ambao hata mdogo wangu haruhusiwi kuugusa, akazunguka gauni lote akikata vidole vitatu vilivyozidi. Mimi nikapiga pindo la kidole kimoja. Ule ukanda wa kitambaa aliokata, duara zima, akautundika kwenye msumari karibu na dirisha.

"Huo ndio ushahidi," alisema. "Kila ukiutazama, kumbuka unachokizika."

Nikauacha pale pale, ili ajue sitikisiki. Pengine na mimi nilitaka kitu cha kukikasirikia asubuhi.

Mwezi wa tano ukutani palikuwa na 231. Asubuhi moja Bwana Fursa aliingia, tepu ya kupimia shingoni, akimtangulia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mtu wa heshima zake. Mama akalishika jora la juu, akalisugua kwa vidole. "Rangi imekaa," alisema. "Madirisha yangu ni ishirini na manne."

Nilielewa. Shemeji alikuwa ameshamuahidi mapazia kwa kitambaa changu cha shule.

Sikupiga kelele. Nilitoka kwenye cherehani, nikaenda pale majora yalipopangwa, nikaketi juu yake.

"Shemeji, inuka tuzungumze," alisema Bwana Fursa, akimtolea mgeni tabasamu.

"Nazungumza vizuri zaidi nikiwa nimekaa."

"Shule hazifunguliwi mwaka huu. Kila mtu anajua."

"Huyo Kila Mtu mwite aje aniambie mwenyewe."

Mama wa nyumba ya wageni akamgeukia. "Bwana, ulisema kitambaa hiki hakina mwenyewe."

"Mwenyewe huyo hapo, amekikalia," shangazi alisema kutoka kwenye kona yake, bila kuacha kutia kifungo.

Yule mama akacheka mpaka akashika meza. Kesho yake aliniletea foronya thelathini zilizofumuka, na nikazishona asubuhi, wakati wa viraka. Shemeji hakucheka. Mchana ule ule alikuja na mkokoteni, akapakia cherehani yake, akaenda kushona mapazia kwa kitambaa kingine. "Ukiamka utaniita," aliniambia. Mdogo wangu alikuja jioni kuomba radhi kwa niaba yake, nami nikamwambia radhi haishoni.

Cherehani mbili, basi. Watu walianza kunihesabia magauni kwa dhihaka. "Fundi, wanafunzi wako hawajambo?" wangeuliza, wakitazama nguo zilizoning'inia bila watu ndani. Nikawajibu hawajambo, wametulia, hawana kelele kama wazazi wao. Ndiyo, niliumia. Nisiseme uongo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeyavulia nguo mia tatu na kumi.

Mwezi wa nane, 140. Mwalimu mkuu akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini. Alikuwa amekonda. Alisema amekwenda kuuliza kila ofisi na hakuna anayejua. Kisha akasema, kwa upole, "Fundi, ukitaka kuacha, sitakulaumu."

Bwana Fursa na kelele zake zote hakuwahi kuniumiza kama upole ule. Alipoondoka nilisimama mbele ya ukuta na kitambaa kibichi mkononi, tayari kufuta ile namba. Niliogopa. Niliogopa kwamba nitazeeka katikati ya nguo za watoto ambao hawatakuja, na kwamba kibao cha viraka kitanizika.

"Ukifuta," shangazi alisema nyuma yangu, "hivi vifungo nitavitia wapi? Machoni?"

Nilicheka kwa hasira, machozi yakanitoka humo humo. Halafu nikafikiri vizuri. Redio haikujua. Ofisi hazikujua. Mwalimu hakujua. Nilichokijua mimi ni kwamba watoto wapo, na shule ina milango, na siku milango itakapofunguliwa hakutakuwa na muda wa kushona. Hilo halikuhitaji tangazo. Nikaketi, nikakanyaga cherehani. Ilipofika jioni nilifuta 140, nikaandika 137.

Tangazo jingine likaja Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Ukutani palikuwa na 11. Niliruka nikamkumbatia shangazi, akaniambia nimchunge, ana sindano mdomoni.

Jumatano mwalimu mkuu alikuja na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, bwana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi kuliko lazima, na msichana mmoja wa darasa la nne. Nikatafuta gauni lake kwa jina, nikampa. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka.

Gauni lilikuwa juu ya magoti.

Nilimtazama yule mtoto kama namwona mara ya kwanza. Vipimo vyangu vilikuwa vya mwezi wa pili. Miezi minane yote nilikuwa nimeitumbulia macho ile namba ya ukutani, na watoto wenyewe walikuwa wanapita mlangoni wakirefuka, nisiwaone.

Mwenyekiti akatoa simu. "Kiwandani wana za kila ukubwa," alisema. "Hata kama tungependa za hapa, Fundi, hizi ni za vipimo vya zamani."

Mkono wangu ukakumbuka kabla yangu. Nilijikuta nimepiga magoti mbele ya yule msichana, vidole vikiwa tayari ndani ya pindo, na kule ndani kitambaa kimelala, kingi, kimetulia, kama mama alivyokiacha. Nikamwambia shangazi anipe wembe.

Nilifumua uzi kuzunguka gauni lote, nikateremsha vidole vitatu, nikabana kwa pini. Mishono ya ubavuni nayo ilikuwa na akiba ya kuachia, na kaptura zote nilizitia mpira kiunoni na kuziachia chini vivyo hivyo. Nikapitisha pasi. Gauni likakaa chini ya magoti, sawasawa.

"Lete na wengine," nilisema. "Na hiyo simu, mwenyekiti, irudishe mfukoni isije ikapata baridi."

Hakukubali upesi. Akainama. "Lakini mstari unaonekana," alisema. Ni kweli. Pale pindo la zamani lilipokuwa limekunjwa pamebaki mstari, mwembamba, uliokolea kidogo kuliko gauni lenyewe. "Nguo mpya, tayari ina alama."

"Basi mwambie avue," nilisema.

Msichana akaishika nguo yake kwa mikono miwili. Alikuwa anautazama ule mstari, akipima kwa vidole toka pale hadi chini. "Nimekua hivi?" aliuliza. "Vidole vitatu?"

"Vitatu kamili," nilimwambia.

Alitoka mbio, na mwenyekiti akairudisha simu mfukoni. Alhamisi asubuhi, kabla sijafungua mlango, walikuwa wamejipanga nje hadi kwa kinyozi. Ndani ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa na neno jipya. "Wewe vidole vingapi?" "Viwili na nusu!" "Mimi vinne, pindo limekwisha lote!" Wafupi walikuja kuniomba niwateremshie zaidi ili wasiaibike. Mimi na shangazi tulifumua mpaka ncha za vidole zikawa buluu. Ijumaa nilifuta 1, nikaandika sifuri, kubwa, nikaizungushia duara.

Jumamosi mchana Bwana Fursa alisimama mlangoni. Habari zake nilikuwa nazo tayari: yule mama wa nyumba ya wageni aliniambia madirisha kumi na manane yamepata mapazia, sita yanasubiri, fundi ameingia kwenye biashara ya mizinga ya nyuki. Alikuwa amemshika binti yake mkono. Gauni la mtoto lilikuwa limepanda, na macho yake yamevimba.

"Shemeji," alisema, kisha akakohoa.

"Mama mkubwa," mtoto alisema, "mimi tu ndiye sina mstari."

Nilipiga magoti, nikalipindua pindo. Kidole kimoja. Hakuna cha kushusha hapo, hata kama mungu wa mafundi angeshuka. Nikainua macho nikamtazama baba yake, na yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye msumari.

Ukanda ulikuwa pale pale, umepauka upande uliopigwa na jua. Nikautoa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hii kwa miezi mingi, mengine makali kiasi kwamba shangazi alinisaidia kuyanoa. Lakini mtoto alikuwa amesimama kati yetu. Nikamvua gauni, nikalifumua lile pindo jembamba, nikaunga ukanda pale pale ulipokatwa. Mzunguko ulikuwa ule ule, maana ulikuwa wake. Kwenye kuunga na kukunja vikaliwa vidole viwili, vikabaki viwili. Viwili vilitosha.

Mtoto alivaa, akainama. Mshono ulikuwa unaonekana, na chini yake buluu imefifia kidogo.

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

Alitoka nje kwenda kuwaambia wenzake. Bwana Fursa akavuta pumzi. "Shemeji, nakiri, nili..."

"Kaa hapo," nilimwambia, nikimsogezea kiti cha wateja. "Shika wembe. Kuna magauni arobaini bado hayajafumuliwa, na Jumatatu haingoji mtu. Ukikata kitambaa badala ya uzi nitakushona wewe."

Alikaa. La kwanza alilifumua kama anakatwa yeye. La kumi alianza kunung'unika kuhusu bei ya asali. La ishirini alinyamaza, na shangazi akamwonyesha namna ya kuvuta uzi mrefu bila kukatika. Mimi nilikuwa juu ya kiti mlangoni, na kopo la rangi, nikifuta herufi za kibao cha zamani moja baada ya nyingine.

Jua lilipokuwa linazama nilisikia kiti kikisogezwa. Alikuwa amesimama, anajikung'uta nyuzi, mkono mmoja umeshashika fremu ya mlango. Mezani lilikuwa limebaki gauni moja.

"Shemeji, nimechelewa kidogo," alisema. "Hilo moja..."

"Hilo moja," nilisema kutoka juu ya kiti.

Akalitazama gauni, akanitazama mimi na brashi yangu, akarudi akakaa.